Vijiti vya Deni Juu ya Mlango Wetu

Kwetu sisi watu wa pwani, jeneza haliondoki nyumbani mpaka mtu wa karibu wa marehemu asimame mbele ya waliohudhuria na kuuliza kama yupo anayemdai. Mwenye kudai hujitokeza pale pale, na deni huhamia kwa jamaa aliye hai, ili marehemu asishuke kaburini na haki ya mtu shingoni. Swali lenyewe ni fupi. Halichukui hata muda wa kuvaa viatu. Lakini baba yangu aliliogopa swali hilo kuliko alivyoogopa kufa.

Namkumbuka alivyokuwa akirudi kutoka mazishini, hapo kwetu Temeke. Alinawa miguu kwa maji ya kopo, akaketi barazani, na mama alipomuuliza mazishi yalikwendaje, hakusema walikuja watu wangapi wala nani alilia sana. Alisema, "Kadaiwa." Au alisema, "Hakudaiwa." Kisha alisugua magoti yake kwa viganja kama mtu anayesikia baridi.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Baba alikuwa hamali katika ghala moja karibu na bandari. Alibeba magunia mgongoni kutwa nzima na mwisho wa mwezi alipokea shilingi hamsini. Alikuwa akidaiwa shilingi mia tatu na sitini. Nataka nieleze deni hilo lilitoka wapi, maana mtu akisikia hesabu kama hiyo hudhani mdaiwa alikuwa mlevi au mcheza kamari. Baba hakuwa hivyo. Deni lilitokana na mimi.

Msichana wa Kizaramo wa rika langu alipovunja ungo aliwekwa ndani. Alikaa miezi, akifundishwa na kungwi wake, asionekane na watu. Siku ya kumtoa, ngoma ilipigwa, watu walilishwa, na mwali alibebwa mabegani na kuonyeshwa mtaa mzima. Jirani yetu alikuwa amemtoa bintiye kwa mbuzi wawili na kundi la ngoma lililotoka Mbagala. Baba hakutaka binti yake atolewe kwa kidogo kuliko hapo. Hakuna aliyemlazimisha. Alichukua mchele, sukari na mafuta kwa mwenye duka wa kona yetu: shilingi sabini na mbili. Alichukua kanga za kungwi na za shangazi zangu wote kwa mwuza kanga: shilingi arobaini na nane. Na pesa taslimu alikopa kwa mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akikopesha kwa rehani. Alichukua mia na themanini, akaacha huko karatasi ya kiwanja chetu. Mpaka wakati ninaousimulia, zile mia na themanini zilikuwa zimekwisha kuwa mia mbili na arobaini, na kila mwezi uliopita mzee aliongeza kumi.

Mbuzi wawili na gunia moja la mchele havikuingia katika hesabu hiyo. Bibi yangu, mama yake baba, alivileta kutoka kijijini kwake, ng'ambo ya milima ya Pugu, akasema ni vyake.

Nilibebwa mabegani nimepakwa mafuta yanayonukia, nikatazama vichwa vya watu kutoka juu, na nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Vyumba vinne vilikuwa vyetu, kimoja kilikuwa kimeanguka ukuta, na cha mwisho kilipangishwa kwa Mnyamwezi mmoja, hamali mwenzake baba. Alilipa shilingi sita kwa mwezi. Sote tulimwita Mtani, wakubwa kwa wadogo.

Siku moja ya Ijumaa mzee wa Kariakoo alikuja mwenyewe. Alikaa barazani muda mfupi, akasema na baba kwa sauti ya chini, akaondoka. Mtani alitokea uani na mswaki mdomoni.

"Mgeni wako nani?"

"Mgeni tu," baba alisema.

"Mgeni gani haambiwi hata karibu kahawa? Mzaramo akikosa chakula hukaribisha kwa mdomo."

"Ondoka hapa, Mnyamwezi. Ulikuja pwani na kibuyu, utarudi kwenu na kibuyu."

"Na wewe umezaliwa pwani, hata hicho kibuyu huna. Unadaiwa ngapi?"

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu vijana wengi siku hizi wanaujua utani wa mdomo tu. Baina ya Wazaramo na Wanyamwezi utani ulikuwa haki. Mtani aliweza kukutukana mbele ya wakwe, kuchukua kuku wako, hata kulala ndani ya kaburi la ndugu yako na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na jambo akilisema mtani, aibu yake hainati. Ndiyo maana baba, aliyekuwa amewaficha ndugu zake na marafiki zake wa msikitini, na hata mama alikuwa hajamwambia hesabu yote, alimwambia mtu huyu mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele, na ndipo mimi pia niliposikia.

Mtani aliutoa mswaki mdomoni. "Mia tatu na sitini! Kwa kumtoa mtoto mwenye miguu kama njiti?"

Nilicheka. Baba hakucheka. Alisema, "Nikifa leo, watasimama watu watatu. Na huyu wa Kariakoo hatasimama hata kudai. Atakuja kuhamia."

Mtani alikaa chini. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba baba hakuwa akizungumzia shilingi.

Mpango alioufanya haukuwa na kitu kigeni. Aliutoa kazini kwao. Ghalani, shehena ikiwa kubwa, mahamali hawakuruhusiwa kulitazama lundo. Kwa kila gunia lililofika mahali pake, mbebaji alipewa kijiti, na mwisho wa siku vijiti vilihesabiwa. Mtani alisema mtu akilitazama lundo huketi, lakini akitazama kijiti huinuka. Alichukua njiti za makuti, akazikata urefu wa kidole, akafunga mafungu matatu kwa uzi, kila fungu njiti kumi na mbili. Fungu la Kariakoo, fungu la duka, fungu la kanga. Akayachomeka kwenye fito juu ya mlango wa mbele, mahali ambapo huwezi kuingia wala kutoka bila kuyaona.

Kisha akauliza pesa zote zinazoingia nyumbani. Hamsini za baba, sita za chumba chake, na kama kumi za vitumbua vya mama. Alisema thelathini zitoke siku ile ile ya mshahara, kabla hakijanunuliwa chakula. Ishirini za Kariakoo, sita za duka, nne za kanga. Kila mwezi kijiti kimoja kitatolewa katika kila fungu na kutiwa motoni, na baada ya miezi kumi na miwili mlango utabaki mtupu.

"Na sie tutakula nini?" mama aliuliza.

"Mtakula kinachobaki, dada yangu. Siku hizi mnakula kisicho chenu."

Jumapili walivaa kanzu wakaenda kwa wadai wote watatu, baba mbele na Mtani nyuma. Baba alitusimulia baadaye kwamba alisimama kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu, na maneno yote aliyasema Mtani. Kwa mwenye duka alisema, "Ukimbana leo utapata shilingi tatu na maneno mengi. Ukimpa nafasi utapata sita kila mwezi, na maneno vilevile." Mwenye duka alicheka, akasema maneno wabaki nayo. Mwuza kanga alikubali bila shida. Mzee wa Kariakoo hakucheka. Alifikiri sana, akasema ataacha kuongeza zile kumi, kwa sharti kwamba ishirini zake zimfikie kabla ya siku ya tano ya kila mwezi. Ukipita mwezi mmoja bila pesa, karatasi ya kiwanja hairudi tena, wala wasije kumlilia.

Mtani mwenyewe aliongeza sharti lake. Hakuna kukopa tena. Hata chumvi.

Utafikiri sharti hilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Lilikuwa zito kuliko yote. Mtaani kwetu watu waliishi kwa kuazimana. Leo unga, kesho makaa, keshokutwa sukari ya mgeni. Kikombe kilitoka nyumba hii kikarudi na kitu kingine. Kuacha kuazima kulikuwa kama kuacha kuamkiana. Wanawake waliacha kuja kwetu kuomba, kwa sababu sisi hatukwenda kwao, na mama aliumia kwa hilo kuliko kwa njaa. Mwezi wa pili alishindwa, akaazima chupa ya mafuta ya taa kwa jirani. Mtani aliiona chupa, akaisimamisha katikati ya ua na kupiga kelele mpaka mtaa wa pili wakasikia: "Jamani, huku kuna Mzaramo anataka kuuza nyumba apate mwanga!" Watu walicheka. Mama aliirudisha chupa akilia, na mwezi ule tulikula magharibi, kabla giza halijaingia.

Tulikula mlo mmoja. Ugali na mchicha, siku nyingine ugali na maji ya dagaa. Vitumbua tulivinusa tu. Nilikwisha toka uwali na nilitakiwa kuwa mnene, nang'aa, ili posa zije. Nikawa naonekana mifupa ya shingo. Kila mshahara ulipolipwa, Mtani aliingia mapema asubuhi, akachomoa vijiti vitatu, akampa baba, na baba akavitupa jikoni kwa mama. Viliwaka mara moja, kwa muda wa kupiga kope mara mbili. Nilijifunza kuutazama moto ule. Mwezi wa tatu, wa nne. Mafungu yalianza kulegea kwenye uzi.

Katika mwezi wa tano, baada ya vijiti kuchomwa, ujumbe ulikuja kwamba bibi amefariki.

Tulipanda lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu, likatushusha Pugu, tukatembea. Mtani alikuja nasi, maana maziko bila mtani hayakuwa maziko. Njiani nilikuwa nyuma yao nimebeba fungu la nguo, na nilimsikia akimwambia baba, bila mzaha, "Utakapouliza swali, uliza tu. Akisimama mtu, mwambie umesikia, mtaonana. Usitaje siku."

"Najua," baba alisema.

"Unajua hapa njiani. Mbele ya jeneza hutajua."

Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumekaa mkekani, na mimi nilikuwa karibu na kidirisha. Nilisikia minong'ono ya wanaume ikinyamaza. Kisha sauti ya baba. Aliuliza kama yupo anayemdai mama yake. Kimya kilipita, nikaanza kupumua, halafu mzee mmoja akakohoa.

"Mie namdai. Sikupenda kusema siku kama ya leo, lakini haki ni haki. Mbuzi wawili na gunia la mchele. Shilingi sitini. Alisema vya kumtolea mjukuu wake mjini, na atalipa akivuna korosho."

Mle ndani wanawake walisikia. Waligeuka tu, mmoja mmoja, wakanitazama.

Nilidhani baba atasema amesikia. Nilimwombea aseme hivyo. Lakini mama yake alikuwa amelala mbele yake, amefunikwa, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama. Alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Nitalipa mimi. Nitalipa kabla ya arobaini."

Bibi mmoja pembeni yangu alisema, "Mtoto mwema huyo." Mama alinishika mkono, akaubana mpaka kucha zikaacha alama.

Sijapata kumlaumu baba kwa maneno yale, na wewe usimlaumu. Hakuna mtoto wa kwetu ambaye angesema vingine. Lakini hesabu ni hesabu. Siku arobaini, shilingi sitini. Na juu yake karamu ya arobaini yenyewe, kulisha kijiji wali na nyama, ambayo mwana hawezi kuikwepa. Akilipa hizo, Kariakoo haitapata ishirini zake, na nyumba imekwenda. Asipolipa, amesema uongo juu ya jeneza la mama yake. Usiku ule na ule uliofuata hakula, na waliomwona walidhani ni majonzi tu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuondoa matanga. Watu walikuwa wameenea uwanjani, na yule mzee wa mbuzi alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti. Mlango wa nyumba ya bibi ulifunguliwa, Mtani akatoka. Alikuwa amejitanda kanga ya bibi kichwani, ameshika bakora yake, na alichechemea mguu wa kushoto kama alivyochechemea bibi, akisimama kila hatua tatu kushika kiuno. Uwanja wote ulilipuka. Watani ndivyo walivyofanya. Humwiga marehemu mpaka watu wacheke huku machozi yanatoka. Alikuwa bibi mtupu. Hata alitema mate pembeni kama yeye.

"Mwanangu," alimwita baba kwa sauti ya bibi, "mie nimefika salama. Njia ilikuwa nzuri. Huku hawali pilau. Arobaini yangu usinipikie kitu, utanikosesha usingizi kwa harufu. Atakayekuja kula siku hiyo namjua kwa jina na nitamfuata kwake."

Watu walipiga makofi na mapaja.

"Na wewe, mzee wa mbuzi!" Alichechemea mpaka kwenye kile kiti. "Mbuzi zako nimezila mie, kwa meno yangu haya mawili. Mmoja alikuwa mgumu! Haya, utalipwa shilingi sita kila mwezi, miezi kumi. Unakubali, au nije nilale kwako?"

"Tuna kitanda kimoja tu, bibi!" mke wa yule mzee alipaza sauti kutoka upande wa wanawake.

"Basi tutabanana, mke mwenzangu!"

Yule mzee alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. "Nimekubali, bibi, nimekubali. Usije!"

Lilisemwa mbele ya watu wote, na likashika. Ndivyo utani ulivyokuwa: neno lililotoka kwa mzaha lilikuwa na nguvu ya neno la baraza, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Deni liligawanywa, karamu ilifutwa, nyumba ilisalimika. Nilitaka kumkimbilia Mtani nimshukuru. Kisha nikamtazama baba. Hakuwa akicheka. Alikuwa akiitazama ile kanga ya mama yake, jinsi ilivyojaa vumbi kwenye pindo.

Njia nzima ya kurudi hakusema na Mtani, wala wiki iliyofuata. Mtani hakujitetea. Alifunga fungu la nne, njiti kumi, akalichomeka pamoja na yale mengine.

Shilingi sita zaidi kila mwezi hazikuweza kutoka kwenye chakula. Chakula kilikuwa kimekwisha kukatwa mpaka mfupa. Baba alitafuta kazi ya Jumapili. Ilikuwa kazi ya kupakia makaa ya mawe melini, kupanda ubao na kikapu kichwani, ambayo mahamali wa kudumu waliidharau. Alirudi jioni hatumtambui, macho mekundu katika uso mweusi wa vumbi, na maji ya kuoga yalitiririka uani kama wino. Baada ya mwezi mmoja alianza kukohoa. Baada ya miwili alikohoa hata akiwa amekaa. Mama alisema apumzike Jumapili moja. Baba alinyoosha kidole juu ya mlango.

Kabla ya hapo, siku ya arobaini ya bibi ilifika katikati ya wiki. Baba alikwenda kazini kama kawaida. Jioni alinawa miguu, akaketi barazani, mama akamletea ugali. Alisoma fatiha kwa sauti ndogo, sisi tukaitikia amina. Alisema, "Leo ndiyo leo." Ule ugali hakuumaliza. Kwake yeye, mama yake alikuwa bado anangoja nje ya mlango, hajakaribishwa.

Kama wewe unayesoma haya una deni, labda umekuwa ukingoja nikwambie ni njia nzuri. Ni njia nzuri. Weka madeni yote mahali unapoyaona, usifiche hata moja. Mpate mtu ambaye huoni haya mbele yake akuzungumzie. Gawa kidogo kidogo kwa wote, na usiongeze jipya. Wengi wamefika kwa njia hiyo na wewe unaweza kufika. Lakini nisikudanganye kwamba mtu hufika akiwa vile vile alivyoondoka.

Mwezi wa kumi na mbili vijiti vya mwisho vya mafungu matatu vilichomwa. Baba na Mtani walikwenda Kariakoo pamoja. Siku hizo walikuwa wamekwisha rudi kutukanana. Walirudi na karatasi ya kiwanja imekunjwa ndani ya kofia ya baba. Baba hakujua kusoma. Mimi nilijua kidogo, maana nilifundishwa na mpangaji mmoja wa zamani. Alinipa nisome. Nilisoma namba ya kiwanja na neno Temeke, mengine yalinishinda.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma namba na Temeke. Nilisoma mara nne au tano, mpaka mama akaichukua na kuitia sandukuni.

Fungu la bibi lilikuwa limebaki njiti tatu. Mwezi uliofuata, kwa kuwa hakukuwa na mdai mwingine, baba alichukua shilingi kumi na nane zote mara moja, akazichomoa zile njiti tatu, akazitia mfukoni, akaenda kijijini peke yake. Kutoka Pugu alitembea, na alituambia alipumzika njiani mara saba, yeye aliyekuwa akibeba gunia bila kupumua. Yule mzee alipokea pesa na njiti, akamshukuru, akampa mihogo. Baba alipitia kaburini kwa mama yake. Huko alisema nini, hakutuambia.

Mlango wetu ukawa mtupu. Kwa miezi miwili baba aliweka akiba, halafu akanunua mbuzi jike mdogo, kwa pesa taslimu, akamfunga uani. Alisema mbuzi huyo anenepe, na mwakani arobaini ya mama yake itafanywa, ingawa siku zimepita, na pilau italiwa mpaka Mtani avimbiwe.

"Mie sili mbuzi wa Mzaramo," Mtani alisema. "Nitasimamiwa na mdai nikiwa bado natafuna."

"Huyu hadaiwi."

"Hata mkia?"

"Hata mkia."

Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia baba akicheka, na kicheko kiliishia katika kikohozi kilichomwinamisha. Masika yalipoingia hakuweza tena kubeba. Ghalani walimpa mwezi mmoja, kisha jina lake likafutwa. Mama aliongeza vitumbua, Mtani akalipa kodi ya chumba chake mapema, na nyumba ilikuwa yetu, kwa hiyo hakuna aliyetutoa. Hilo lilikuwa kweli. Baba alikufa ndani ya nyumba yake, asubuhi, katika chumba cha mbele, mbuzi akiwa bado hajanenepa. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Baba hakuwa na kaka wala mdogo wa kiume, nami sikuwa na kaka. Watu wa msikitini waliuliza nani atauliza lile swali. Mama, kutoka ndani, alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Mpangaji wangu."

Palikuwa na mnong'ono. Mtani kuuliza swali la haki! Nilikuwa tena karibu na dirisha, safari hii dirisha la nyumba yetu, na niliwaona wanaume wakianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Walimjua. Walijua atamdai marehemu mswaki, au kibuyu, au kicheko. Mwenye duka alikuwepo, amevua kofia. Mwuza kanga alikuwepo.

Mtani alisimama kichwani mwa jeneza. Alikuwa amevaa ile kanzu ya siku ya Kariakoo.

"Kama yupo anayemdai huyu bwana," alisema, "aseme."

Watu walingoja mzaha.

"Kama yupo anayemdai, aseme."

Mwenye duka alitazama chini. Uani mbuzi alilia, na wanaume wawili wakamtazama Mtani, midomo yao tayari, maana mzaha ulikuwa umejileta wenyewe. Mtani alikiacha kilio kipite. Shingo yake ilikuwa imetoka mishipa kama ya mtu aliye chini ya gunia.

Aliuliza mara ya tatu. Wala kikohozi hakikusikika. Nilihesabu pumzi zangu nikafika tisa.

"Hadaiwi," Mtani alisema. Akainama, akashika mti wa jeneza upande wa kichwa, akawapa wenzake amri ile ile waliyopeana kila siku ghalani kabla ya kuinua. "Haya. Bebeni."